Chombo Hakirudi Kitupu

Kitu cha kwanza nilichopewa kushika hakikuwa upawa. Nilikwenda asubuhi ile nimevaa fulana safi, na kichwani nishajipangia: nitasimama nyuma ya sufuria, nipakue wali, niseme "karibu mama, karibu mzee", kisha nirudi zangu Kisauni moyo umetulia. Bi Mkubwa alinitazama kuanzia kofia mpaka viatu, akanisukumia uteo.

"Keti hapo, babangu. Toa chuya na mawe. Ukichoka, nyamaza."

Mchele wa siku ile ulikuwa kilo 22, wa bei ya chini, ule ambao mawe yake yana rangi ileile ya mchele. Mama aliyeketi kando yangu alikuwa akipepeta: anaurusha, anaudaka, kapi zinapeperukia ukutani na mchele unarudi uteoni kama uliofungwa uzi. Nami nikajaribu. Robo ya mchele wangu ilitua sakafuni. Hakuna aliyecheka kwa sauti. Walicheka kwa mabega.

Hiyo ilikuwa 2021. Tangu hapo Jumamosi nilizokosa ni chache, na mpaka leo sijaaminiwa kupepeta.

Jiko lenyewe, la kuwapikia wasionacho, liko uani kwa nyumba moja ya Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, si mbali na Ngomeni pale watalii wanapouziwa vikoi. Halina jina wala bango. Watu husema "kwa Bi Mkubwa", basi. Hupikwa Jumatano na Jumamosi, sahani 160 hivi kila siku, kwa michango ya majirani, ya wenye maduka wawili watatu wa Marikiti, na ya watoto wa mtaa walioko Uarabuni ambao hutuma chochote wakipata mshahara. Hatuna mwenyekiti. Tuna Bi Mkubwa, na sijawahi kuona mwenyekiti anayeogopwa vile.

Lilianza Mei 2020. Tarehe 6 mwezi ule serikali ilitangaza kuufunga Mji wa Kale kwa sababu ya korona: haingii mtu, hatoki mtu. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Sasa chukua mtaa wenye hamali wa mkokoteni, muuza kahawa, dada anayekaanga viazi karai barazani, watu ambao cha leo hukipata leo, halafu wafungie ndani. Bi Mkubwa, kama anavyosimulia mwenyewe, alichemsha mbaazi kilo tatu akaziweka mlangoni jioni. Kesho yake jirani akaongeza mahamri. Jirani wa jirani akaleta mchele. Mwezi wa sita mji ukafunguliwa, lakini sufuria halikuteremshwa.

Nisiipe korona sifa zote. Kabla yake Mombasa ilikuwa na majiko yake ya wasionacho, ila hayakuitwa hivyo. Yaliitwa hitima, maulidi, akika, harusi. Mwenye njaa alikuwa akiijua kalenda ya mtaa kumshinda imamu. Akisikia turubai limefungwa Kuze au Mwembe Kuku, hujivuta, huketi mkekani, husogezewa sinia pamoja na wenzake, na hapana amuulizaye yeye ni wa upande wa bwana harusi au wa bibi harusi. Siku hizi harusi zimehamia kumbini. Kuna kadi, kuna meza zenye nambari, na mlangoni kasimama kijana wa suti na orodha mkononi. Nami naongea kana kwamba simo: yangu ilikuwa kumbini vilevile, na sikumbuki hamali hata mmoja aliyeionja pilau yangu. Lile sinia la zamani lilikuwa na jambo moja ambalo nimechelewa kuliona. Pale wote walikuwa wanakula, hapakuwa na anayelishwa.

Tuje kwenye vyombo, maana ndivyo vilivyonifanya nikae kuandika.

Watu wanaokuja kwetu, baadhi hula palepale uani, juu ya mkeka. Waliobaki hubeba. Mwingine ana watoto nyumbani, mwingine ana mgonjwa, mwingine hataki tu kuonekana akitafuna kwa watu. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, kwa hivyo hakuna tena kumtilia mtu wali kwenye karatasi ya plastiki akaenda zake. Tulikuwa tunatumia kasuku, ile mikebe ya mafuta ya kupikia, na ndoo ndogo za aiskrimu zilizookotwa mahotelini. Mwezi wangu wa kwanza vilipotea vyombo 40. Nikahamaki. Nikatoa wazo kwamba kila abebaye aweke dhamana ya shilingi 20.

Bi Mkubwa alikuwa akikamua nazi. Hakuinua uso.

"Shilingi ishirini akiwa nayo, atakuja kwangu kutafuta nini?"

Halafu akatoa kanuni mbili. Ya kwanza: chakula hakitembei wazi. Kasuku isiyo na kifuniko ifunikwe kwa sahani, na kama hakuna sahani, kwa leso. Kwetu pwani chakula kinachopelekwa kwa jirani hufunikwa kawa, na mpita njia hajui chini yake mna pilau ya nyama au sima kavu, wala hajui kama kinatoka kwa tajiri kwenda kwa maskini au kinyume chake. Ya pili: ukileta chombo, unapewa chombo. Aliishia hapo.

Lakini aliyelelewa na mama wa Kiswahili anajua ipo ya tatu, nayo haisemwi. Jirani akikuletea futari kwa bakuli, bakuli lile halirudi tupu. Utatia kaimati, utatia ndizi mbili. Ukiwa huna kabisa, utatia hata chumvi. Mimi mwenyewe nimetumwa utotoni kurudisha bakuli lenye vijiti vitatu vya kiberiti, na mama yangu akanionya nisikimbie, visije vikaanguka.

Vikaanza kurudi. Kwanza ndimu tatu, zimefungwa gazeti. Kisha pilipili mbichi. Kisha makaa, kasuku nzima, kutoka kwa mtu ambaye sisi tulidhani hana hata jiko. Hamali mmoja wa bandarini akawa anakuja na vipande vya mbao za makreti amevifunga kamba begani, kuni kavu ambazo kwa bei ya kuni siku hizi ni mchango kushinda wa wenye maduka. Ajuza mmoja alirudisha kasuku na ndani mna kikuba, asumini na rehani, vibichi. Bi Mkubwa alikichomeka kifuani akashinda nacho kutwa, juu ya harufu ya vitunguu na moshi, na kila aliyemkaribia alikuwa akivuta pumzi mara mbili bila kujua kwa nini.

Kuna kijana mmoja, wa wale tunaowaita mateja na kuwapita mbali. Alichukua Jumamosi, Jumatano kasuku ikarudi haina kitu. Nikasema moyoni, huyu naye. Bi Mkubwa akaishika, akaitazama ndani, akapitisha kidole, akainusa.

"Hii imesuguliwa kwa mchanga," akasema. "Kuna bibi aliyemlea huyu."

Kweli, ilikuwa inang'aa. Sisi wenyewe hatuzioshi vile.

Sasa nieleze kosa langu, na nitalieleza kwa urefu maana nilijivunia nalo.

Mimi ni karani wa ofisi ya kutoa mizigo bandarini. Kazi yangu ni hati. Kontena inaweza kuwa mbele ya macho yako, unaigusa, imejaa mitumba, na kama hati haipo, kontena haipo. Basi mwaka 2022 nikagundua kwamba kuna sura zinazopita mara mbili mlangoni. Nikanunua daftari kubwa, nikalipiga mistari: jina, mtaa, nambari ya kitambulisho, idadi ya watoto. Nikaweka meza mlangoni na kalamu iliyofungwa uzi. Nilimtaka Bi Mkubwa ruhusa, akanijibu, "Ni wewe uliyesoma." Ningekuwa na akili ningeisikia ile sauti.

Jumamosi ya kwanza kutoka 160 tukashuka hadi 110. Nilirudi nyumbani nikimwambia mke wangu nimewakamata walaghai 50. Jumamosi ya pili, 90. Wali ukabaki nusu sufuria, saa nane mchana, umepoa, nzi wanauzunguka. Mama anayepepeta aliuliza, bila kumwelekea mtu, kwamba wali huu sasa uandikwe jina gani.

Jumamosi ya tatu nikatoka kutafuta watu wangu. Pale kichochoroni, karibu na muuza kahawa, nikamwona mzee mmoja ambaye alikuwa hakosi, mwenye kofia ya vito na bakuli lake mwenyewe la bati. Amesimama kando ya ukuta, anautazama mlango wetu kwa mbali kama mtu anayesubiri mvua ikatike.

"Salaam aleikum, mzee. Mbona huji siku hizi?"

"Waleikum salaam." Akazungusha bakuli mkononi. "Mwanangu, mimi nimeandikwa bandarini miaka thelathini. Nimeandikwa msikitini, nimeandikwa hospitali. Hapo sitaki kuandikwa."

Sikuwa na la kumjibu. Nilimnunulia kahawa, akainywa, akanishukuru, hakuja.

Jumatano iliyofuata nilikuwa kazini. Jumamosi nilipofika meza haikuwapo. Daftari nililiona jikoni, au tuseme jalada lake; kurasa zilikuwa zimekwenda kuwashia makaa, na jalada mama wa kupepeta alikuwa akipepea nalo moto. Lilifaa sana kwa kazi ile, gumu na pana. Mzee wa kofia ya vito alikuwa ameketi mkekani.

Na wale wanaopita mara mbili? Bi Mkubwa alikuwa akiwajua wote. Mmoja hupita mara ya pili kumchukulia mtu aliyepooza, juu ghorofani, asiyeweza kushuka ngazi. "Na yule mwingine?" nikauliza. "Yule ni mlafi tu. Mlafi naye hula." Hesabu anayo, tena kamili kuliko yangu: kila chombo kikitoka, punje moja ya haragwe huingia kikombeni, na jioni punje huhesabiwa na kurudishwa guniani. Mfadhili akitaka idadi, anapewa idadi. Majina hapati.

Kinachoniudhi ni kwamba nilikuwa na mfano, nami nikaupita. Wasafiri wa barabara ya Nairobi wanaijua Makindu, lile hekalu la Masingasinga lililojengwa 1926 kando ya njia. Unaingia, unavua viatu, unafunika kichwa, unaketi, unaletewa chapati na dengu na chai. Wenyewe huuita mlo ule langa, nao ni wa yeyote apitaye. Nimekula pale mara mbili, mara zote nina mshahara mfukoni, na hakuna aliyeniomba kitambulisho wala kuniuliza nina watoto wangapi. Nikashiba, nikaendelea na safari, na miaka michache baadaye nikaenda kuweka meza mlangoni kwa mwenye njaa.

Kosa jingine ni la kuchekesha zaidi. Masika ya 2023, kuni mbichi, moshi uani kama wa treni ya zamani. Bi Mkubwa alikwenda msibani, akaniachia sufuria la maharagwe, kilo 12, na neno moja: "Usiondoke." Simu ikaita, ya ofisini, kuhusu kontena iliyokwama. Nikasogea barazani nisikie vizuri. Niliporudi, pua ilitangulia kunipa habari.

Nikaukamata mwiko niyakoroge.

"Usikoroge!"

Ni mama mmoja wa Kigiriama, huvuka kutoka Likoni kila Jumamosi. Mtembea kwa miguu halipi kivuko, husema yeye, kwa hivyo hana udhuru. Alishika masikio ya sufuria kwa leso, akaniamuru nishike upande wa pili, tukayamimina maharagwe kwenye sufuria jingine taratibu, bila kugusa chini. Tabaka jeusi likabaki limeganda kitakoni, nene kama lami. Ningekoroga, lile lote lingepanda juu na watu 160 wangekula majivu. Akakaanga kitunguu kingi na thomu, akatia tui zito, bizari, akakamua ndimu, akaonja. "Bado yana moshi." Akaongeza ndimu. "Sasa yana moshi kidogo. Wape."

Tukawapa. Nikawa napakua nimeinamisha kichwa. Mtoto wa miaka saba hivi akatia kijiko kinywani, akatafuna, akatafakari.

"Leo ni maharagwe ya kuchoma," akasema, akaomba mengine.

Jina lilinikaa mwaka mzima. Ningali naulizwa mlangoni: "Karani, leo ni ya kuchoma?"

Mama huyu wa Kigiriama ana cheo kimoja kikubwa ambacho kwa miezi kumi na moja hakionekani. Kwanza nieleze ugomvi uliokipa nguvu. Ramadhani ikiingia, je, jiko la mchana liendelee? Tuligawanyika kweli. Wengine walisema kupika mchana katikati ya Mji wa Kale mwezi wa toba ni kukosa haya. Wengine wakasema mtoto wa Likoni asiye Mwislamu njaa yake haisubiri mwezi uandame wala utue. Nilikuwa upande wa kwanza, tena kwa sauti. Mwisho ikawa hivi: mchana hupikwa mlango umerudishwa, hakuna kula uani, kila kitu hutoka kimefunikwa na kubebwa. Jioni hupikwa tena, futari: muhogo wa nazi, mbaazi, kaimati, uji wa pilipili manga. Wale waliofunga ndio wanaowapikia wasiofunga, katika joto lile, koo kavu. Nilidhani watalalamika. Waliolalamika ni sisi tuliokuwa tunabishana.

Sasa chumvi. Mwenye saumu anaruhusiwa kuonja kwa ncha ya ulimi na kutema, lakini akina mama wetu hawataki kucheza na mpaka huo. Kwa hivyo mwonjaji rasmi wa Ramadhani ni mama wa Kigiriama, Mkristo, Mkatoliki wa kusali kila Jumapili. Utaona watu kumi na mmoja waliofunga wamemzunguka, wote wanamtazama mdomoni. Yeye huonja, hufumba macho, huchukua muda wake.

"Bado kidogo."

Punje za chumvi huanguka. Huonja tena.

"Bado kidogo."

Nina hakika chumvi huwa ishatosha mara ya kwanza.

Machi 2025 Ramadhani na Kwaresima ziliingiliana. Jumatano ya Majivu iliangukia tarehe 5, siku ya jiko, nami nilipita jioni baada ya kazi kusaidia futari. Mama akaja na alama ya jivu kwenye paji la uso, akapelekewa kijiko, akakisukuma.

"Leo nami nimefunga."

Kimya. Sufuria la mbaazi linatokota, magharibi inakaribia, na uani mzima hakuna ulimi hata mmoja ulio huru. Ikabidi aitwe mtoto wa miaka mitano kutoka kichochoroni. Akapewa mbaazi, akasema tamu. Akapewa uji, tamu. Akapewa muhogo ambao, kama tulivyokuja kujua baada ya adhana, ulikuwa umetiwa chumvi na watu wawili, tamu vilevile. Futari ile yalinyweka maji hayo!

Mwisho wa mwezi mchele wa fitri hujaa, pishi kwa kila kichwa, vibaba vinne vinne, na kwa siku mbili hakuna anayekumbuka shida. Balaa huja mwezi wa mfungo mosi, mikono ikishachoka kutoa. Hapo ndipo wali hupungua na sima huongezeka.

Nami mwaka ule mambo yalinipungukia wakati huohuo.

Watu wa bandari wanaijua historia hii. Reli mpya ilizinduliwa 31 Mei 2017, makontena yakaanza kupanda treni hadi Nairobi, na 2019 kukawa na amri kwamba mizigo ya bara ipite relini. Mji ukaandamana. Madereva wa malori waliegesha, gereji zikafunga, akina mama wa kupika vibandani wakakosa wa kumpikia. Baadhi yao nimewapakulia wali kwa mkono wangu. Septemba 2022 Rais mpya akarudisha shughuli za kutoa mizigo Mombasa, lakini mteja akishazoea njia nyingine harudi kwa amri. Ofisi niliyokuwamo ilikuwa na watu 14, tukabaki wanne. Mshahara wa kwanza ulichelewa. Wa pili ulikuja nusu. Wa tatu ulikuja maneno: "vumilieni".

Kwa Bi Mkubwa sikusema kitu. Niliendelea kuja Jumamosi, fulana safi, mzaha uleule. Jumamosi moja nimemaliza kusugua masufuria, nangoja haki yangu, maana anayesugua hupewa ukoko, huo ndio mshahara wa jiko letu. Nyumbani tuliambiwa anayekula ukoko mvua itamnyea siku ya harusi. Mimi nishaoa, sina hofu. Badala ya kipande cha ukoko akaniwekea mkononi kasuku nzito, imefungwa kwa leso, fundo mbili.

"Mpelekee mama watoto."

"Bi Mkubwa, sisi nyumbani kipo..."

"Nimekuuliza?"

Alinitazama kuanzia kofia mpaka viatu. Hapo nikaelewa. Viatu vyangu vilikuwa na vumbi la daraja la Nyali. Wiki tatu nilikuwa nikija kwa miguu kutoka Kisauni na kurudi kwa miguu, nikidhani natembea peke yangu.

Nilivuka daraja na kasuku mkononi. Joto lake lilikuwa likinigusa paja kila hatua. Upepo wa bahari ulikuwa unapuliza, watu wanapishana nami, matatu zinapiga honi, na hakuna hata mmoja aliyejua nimebeba nini. Huenda walidhani ni fundi anapeleka rangi. Nyumbani mke wangu alifungua fundo la kwanza, akanitazama, akafungua la pili. Wali, mchuzi wa samaki, na pembeni ukoko umefungwa karatasi. Hakuniuliza. Watoto walipigania ukoko.

Ijumaa usiku kasuku ilikuwa juu ya meza, imeoshwa. Niliisugua mwenyewe, kwa mchanga. Nikafungua kabati: unga robo pakiti, chumvi, kitunguu kimoja ambacho kilikuwa na kazi yake kesho. Nikaifunga kabati, nikaifungua tena, kama kwamba kuna kitakachoota. Mke wangu alitoka nje na kisu. Karibu na mfereji wa ploti yetu umeota mchaichai, hakuna aliyeupanda, maji yanayovuja ndiyo yanayoulea. Alirudi na fungu, akalikata mafungu mafupi yaenee kasukuni, akafunika.

Asubuhi nilimkuta Bi Mkubwa peke yake, anachochea moto.

"Sabalkheri, Bi Mkubwa."

"Sabalkheri, babangu."

Akaipokea, akainua kifuniko kidogo, akanusa, akakirudisha. Hakusema neno. Akanionyesha kwa kidevu gunia la vitunguu.

Saa nne hunywewa chai. Siku ile birika lilipofunuliwa uani kote kulinukia, hata wanaopepeta wakasimama. Mama wa Kigiriama alivuta pumzi juu ya kikombe chake.

"Chai ya leo ina mchaichai. Katuletea nani?"

"Jirani," Bi Mkubwa akasema, akamjazia kikombe.